Ufunguo Uliozikwa Chini ya Usukani

Dauphin, Manitoba
9 Januari

Shemeji yangu mpendwa Halyna,

Salamu zangu zikufikie kabla baridi ya leo haijakufikia. Goti lako linaendeleaje tangu uteleze pale kwenye ngazi za kanisa? Na bomba la jikoni, halijaganda? Liache litiririke kidogo, uzi mwembamba tu wa maji, wala halitakusumbua. Mimi huku kwenye nyumba ya wazee ni mzima kwa kiasi ambacho moyo uliochoka unaweza kumruhusu mtu awe mzima. Miguu imevimba kama mikate ya Pasaka na pumzi naivuta kwa mafungu, lakini kichwa kiko mahali pake, na mkono, kama uonavyo, bado unaandika mstari ulionyooka kuliko ya wanafunzi wote niliowafundisha fizikia katika mji huu. Daktari amenieleza bila kuzungukazunguka kwamba hatarajii kuniona barafu ya mtoni itakapovunjika. Nilimshukuru. Mtu aliyefundisha maisha yake yote hupenda kujua kengele italia lini.

Asante tena kwa kile chakula chetu cha kutia ulichoniletea Jioni Takatifu, mkesha wa Krismasi yetu. Wauguzi waliiona ile ngano yenye asali na mbegu za mpopi wakadhani ni uji wa mgonjwa, mpaka nilipowaonjesha. Sasa wananiuliza shemeji yangu atakuja lini tena, na sidhani kama ni wewe wanayekutamani.

Ninalo neno zito, Halyna, na nitalifikia. Ksenia alinipigia simu kutoka Victoria. Binti yako alikuwa na furaha sana. Alinieleza kwamba hatimaye umekubali kuuza nyumba uhamie kwao, kwamba wanunuzi wamekwisha patikana, na kwamba utatia sahihi baada ya sikukuu ya Yordani, padri akishabariki maji. Nikamuuliza ni nini kilichokugeuza, maana miaka yote ulimwambia kuwa nyumba ile utatolewa umebebwa, miguu mbele. Akacheka kidogo, kisha akasema: “Baba mkubwa, si unamjua Mama. Anasema Baba ameacha kumwashia gari. Maana yake amemruhusu aondoke.”

Kwa hiyo nakuomba jambo moja: usitie sahihi kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Usirukie mwisho sasa hivi. Nakujua, wewe ni mtu wa kufungua sufuria kabla haijachemka. Soma kwa mpangilio, kama nilivyozoea kuwaambia watoto, maana nusu ya mambo haya unayajua, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokupa sababu ya kufunga mizigo.

Unakumbuka siku ile hospitalini, Metro wako akiwa amebaki mifupa na macho. Wewe ulikuwa ukilia juu ya mambo madogo, kwa kuwa makubwa hayakuwa na njia ya kutokea mdomoni. Ulisema nani atakukwangulia barafu kwenye kioo cha gari alfajiri, nani atakupashia moto injini, na wewe unatakiwa katika jiko la hospitali kabla wagonjwa hawajaamka. Mdogo wangu akakushika mkono akakwambia, “Halya, usiwe na wasiwasi. Kile kitu nimeshakifunga. Baridi ikizidi, gari litajiwasha lenyewe, wewe unakuta kiti cha moto. Usiguse chochote.”

Ulimbusu ukatoka kwenda kunawa uso. Hukuona alichokifanya baada ya hapo. Alinigeukia akanitazama kwa jicho moja, lile jingine kalifumba. Jicho lile nalijua tangu tulipokuwa watoto shambani Ethelbert. Metro alikuwa mtu wa kuanza. Alianza kupanga kuni, nikamalizia mimi. Alianza banda la kuku, mimi ndiye niliyeliezeka. Kila alipofika nusu ya kazi alinitazama kwa jicho lile, kisha akaenda zake kucheza magongo kwenye barafu.

Tulimzika kabla majani hayajaanguka. Oktoba nikaja kulichukua gari lako nilivishe matairi ya theluji, kama kila mwaka. Ukalalamika kwamba nimekaa nalo mno, na mimi nikakwambia kwamba fundi Lloyd Genaille ana foleni ndefu dukani kwake. Lloyd hakuwa na foleni yoyote. Gari lilikuwa katika gereji yangu, kifuniko cha chini ya usukani kimefunguliwa, na mimi nimelala chali mle ndani, mzee wa zaidi ya sabini, tochi mdomoni na miguu imetokeza nje ya mlango kama ya mtu aliyeuawa.

Nitakueleza nilichokikuta, kwa sababu umeishi na mume yule miaka mingi na hutashangaa. Kisanduku cha kile kifaa cha kuwashia gari kutoka mbali kilikuwa kimening'inia kwa kamba moja kama popo. Metro alikuwa ameunga waya mmoja mnene kutoka kwenye betri, na nyingine mbili amezibana kwa vile vibanio vya kung'ata, ambavyo baridi yetu hulegeza kabla ya Krismasi. Nyaya zilizobaki alikuwa amezifunga pamoja kwa tepu, fundo zuri kabisa, lisilogusa kitu chochote. Nguvu zilimwishia hapo. Tena kile kifaa chenyewe kilikuwa cha bei ya chini, hakina kipimajoto ndani yake. Hata kingefungwa na fundi bora kuliko wote katika jimbo hili, kisingeweza kuliwasha gari chenyewe, iwe kwa baridi ya namna gani. Kinangoja mtu abonyeze. Rimoti zake mbili nilizikuta kwenye droo ya vyombo vya Metro, bado zimo ndani ya plastiki.

Basi nilikwenda kwa Lloyd nikamweleza ukweli, yeye peke yake, kwa sababu kulikuwa na jambo nisilolijua. Ufunguo wa gari lako una kitu kidogo ndani ya kichwa chake ambacho gari hukitambua, kama mbwa anavyotambua harufu ya mwenye nyumba. Kisipokuwapo, injini inakataa. Lloyd akanieleza kwamba kwa magari ya aina ile hakuna ujanja mwingine: lazima utoe ufunguo mmoja sadaka. Unauzungushia waya, unauzika ndani kabisa chini ya usukani, na kila kifaa kinapotaka kuwasha, gari linaunusa ule ufunguo likadhani bwana wake amerudi. Kisha akanionya kwa ule uso wake usiocheka. “Mwalimu, ule waya mnene wa stata ukiukosea, siku hiyo gari ndilo litakalokufundisha wewe.” Nikamjibu kwamba umeme nilimfundisha yeye mwenyewe darasa la kumi, na alama alizopata tunazijua wote wawili.

Ufunguo wa pili niliutoa kwenye msumari wa mlangoni kwako, wewe ukiwa unanimiminia chai. Ndiyo, Halyna. Ule uliosema kwamba Darcy ameuchukua katika koti lake mpaka Victoria. Mkwe wako hajawahi kuugusa. Nimekaa mezani kwako miaka yote hii nikikusikia ukimsema mtu mwema yule kwamba akili zake ziko mfukoni na mfuko wenyewe umetoboka, nami nikaomba niongezewe supu yako ya borshi.

Kazi ile niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila aibu, kwa kuwa mtu aliye karibu kuondoka hana haja ya unyenyekevu wa uongo. Niliutafuta kila waya kwa testa: ule unaopata uhai pale tu ufunguo unapozungushwa hadi mwisho, ule ambao hauzimii hata injini inapokohoa, ule unaozimia wakati huohuo, na ule wa breki unaoamka mguu ukikanyaga. Niling'oa vibanio vya Metro kimoja kimoja. Kila kiungo nilikimenya, nikakisokota, nikakilehemu kwa risasi, nikakizungushia tepu ya kitambaa isiyopasuka kwa baridi. Chini ya boneti niliweka swichi, ili gari lisijiwashe kamwe mkono wa mtu ukiwa karibu na feni. Nilipobonyeza mara ya kwanza, wipa zilianza kufyagia kioo kikavu, na redio, ambayo Metro aliiacha kwenye sauti ya mwisho, ikapiga polka ya nguvu hata nikajigonga kichwa kwenye usukani. Sikuizima. Nilikaa mle garini mpaka wimbo ulipokwisha.

Nilikuwa na nia ya kukupa rimoti. Uniamini katika hili. Nilikuja kwako nikiwa nazo mfukoni, na maneno nimeyapanga. Lakini hata kabla sijavua viatu ulianza wewe kusema. Uliniambia kwamba unaisubiri baridi kama mtoto anavyosubiri zawadi, kwa sababu neno la mwisho la maana alilokuambia Metro lilikuwa lile la kiti cha moto, na siku gari litakapojiwasha utajua kwamba mumeo hakuondoka mikono mitupu. Ningekuwekea kitufe mezani, ningekuwa nimekwambia kwamba neno lile lilikuwa tupu. Nikanywa chai, nikakusifia mkate, nikarudi nyumbani nazo zote mbili.

Theluji ilipokuja na baridi ikashuka vilivyo, nilikuwa macho kama wazee wote tulivyo saa zile. Ng'ambo ya uchochoro taa ya jikoni kwako ikawaka. Nikabonyeza. Ukatoka na kikwanguzi mkononi, ukasimama. Ukavua glavu ukaweka kiganja juu ya boneti, ukakiacha hapo muda mrefu kuliko baridi ile inavyoruhusu. Kisha ukaingia, ukakanyaga breki kabla hujaingiza ufunguo, na injini ikazimika, kama inavyopaswa ili mwizi asiende nalo. Uliyoyasema mle ndani ulinisimulia mwenyewe jioni yake huku ukifuta macho: “Metro, hata huko uliko bado hujajifunza kumaliza kazi.”

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa kipimajoto. Kazi haikuwa ngumu. Taa yako ikiwaka, nabonyeza. Isipowaka, najua leo umepumzika, nami narudi kitandani. Ukawasimulia wanawake wenzako kule ukumbini chini ya kanisa, mnapokaa kufinya vareniki, vile vifuko vyetu vya unga na viazi, kwamba gari lako linazijua zamu zako na kwamba siku yako ya mapumziko nalo linapumzika. Bi Stefania akasema bila kuinua macho kwenye unga wake kwamba huyo hawezi kuwa Metro. “Metro ninayemjua mimi hakuwahi kuamka kabla ya jua akiwa hai, sembuse sasa.” Mlicheka wote, na wewe ulicheka kuliko wote. Ulipostaafu kazi ya jikoni, vareniki hazikustaafu, na mimi nikaendelea. Nilidhani kwamba kwako jambo lile ni utani tu, mashine nzuri na kumbukumbu nzuri, na roho yangu ilitulia.

Ikaja ile siku ya kubariki makaburi baada ya Pasaka. Unaikumbuka kuliko mimi. Hewa ilikuwa ya joto, hata koti hatukuvaa, mmetandika vitambaa juu ya makaburi, mayai na mkate wa Pasaka juu yake, na padri anapita na maji yake akitaja majina. Nilipiga magoti kwa Metro. Kuinuka kukanishinda, nikaegemeza nyonga kwenye jiwe lake ili nijisukume. Pale maegeshoni gari lako likapiga honi moja, taa zikamulika, injini ikanguruma. Padri akabaki na mkono hewani. Wanawake wote walipiga ishara ya msalaba, na Bi Stefania alipiga mara mbili. Wewe hukupiga. Ulinisogelea, uso mweupe, kisha ukatabasamu, ukasema polepole: “Nilikuwa namuuliza sasa hivi, niende kwa Ksenia au nibaki. Basi nimesikia. Akiendelea kuwasha, nabaki. Siku akiacha, nakwenda.”

Rimoti ilikuwa katika mfuko wa suruali yangu, upande wa jiwe.

Hapo ndipo ningesema. Padri alikuwapo, kaburi lilikuwapo, tungecheka mpaka kule kwenye lango, na wewe ungenipiga na kikapu. Sikusema, na hii ndiyo nusu ya kwanza ya ungamo langu. Nilijidanganya kwamba nalinda neno la Metro. Tangu siku ile nililokuwa nalinda ni taa ya jikoni kwako. Sikuoa, na watu walisema nimeoa vitabu, nami niliwaacha waseme. Lakini mtu anayeamka gizani mwaka baada ya mwaka, akaona ng'ambo ya uchochoro dirisha moja lina mwanga, akampashia moto kiti aliye nyuma ya dirisha hilo, huyo hajihesabu kuwa yuko peke yake. Usilitafutie jambo hili jina jingine. Umri wetu haulihitaji. Ksenia alikuita kila mwaka, wajukuu wakakua bila wewe, nami kwa kidole gumba changu nilikushikilia katika mji huu.

Nusu ya pili ni nzito zaidi, na tafadhali kaa chini.

Ksenia anadhani gari lilinyamaza kwa sababu baba yake amekubali. Baada ya kuyasoma yaliyotangulia, wewe utadhani limenyamaza kwa sababu nilihamishiwa huku, mbali, rimoti isipoweza kufika. Fikiri vizuri. Asubuhi ile ya kwanza gari liliponyamaza ulinijia mlangoni, barafu kwenye kope, na nani alikufungulia? Mimi. Nilikuwa bado nyumbani kwangu. Nilikuwa katika kiti changu cha dirishani, blanketi magotini, kama kawaida.

Siku chache kabla ya hapo daktari alikuwa amenieleza habari za moyo wangu. Nilipiga hesabu, kama nilivyozoea. Nikajiuliza, nikishaondoka nani atabonyeza? Nikakuona umesimama peke yako katika uchochoro ule, kiganja kwenye boneti baridi, ukiachwa na Metro mara ya pili, na dirisha la ng'ambo limekuwa jeusi. Nikaona ni heri uondoke sasa, wakati nipo wa kukuaga, uende kwa mwanao kwenye mji usio na theluji. Na njia ya kukufanya uondoke ulikuwa umeniambia mwenyewe makaburini. Taa yako ikawaka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza.

Ukatoka bila kikwanguzi, kwa kuwa hukuwa umekihitaji kwa miaka. Uliweka kiganja. Ukazunguka gari zima kana kwamba ungemkuta mtu upande wa pili. Kisha ukatoa kadi yako ya maktaba ukaanza kukwangua kioo kwa hiyo, na mimi nikatazama mpaka ulipomaliza. Ulipokuja kwangu uliniambia maneno matatu tu: “Mwalimu, Metro kanyamaza.” Nami, nikiwa na kile kidude chini ya blanketi, nikakujibu kwa sauti ya darasani kwamba kila kitu kina mwisho wake. Kesho yake sikubonyeza tena, na kesho kutwa pia. Kisha moyo ukanichezea, wewe ndiye uliyenitafutia chumba hiki, ukanipakia vitu vyangu, ukanikunjia soksi.

Nilikuwa na hakika kwamba nimefanya sawa. Nilikuwa na hakika hiyo mpaka Jioni Takatifu. Ulifika na kutia, ukatandaza kitambaa kwenye trei yangu ya kitandani, ukaweka sahani ya tatu, ya marehemu, kama desturi, na kijiko chake. Ukamwambia pale kwenye sahani, taratibu, “Asante, Metro. Nimekusikia.” Ulipotoka nilijikokota hadi dirishani. Dirisha langu linaangalia maegesho. Nilikuona umeketi ndani ya gari la baridi, mikono kwapani, ukisubiri barafu iyeyuke kwenye kioo. Halyna, nimesoma nyuso za watoto miaka arobaini, najua uso wa anayeelewa na wa anayejifanya kuelewa. Ule haukuwa uso wa mtu aliyeruhusiwa kwenda. Ulikuwa uso wa mtu aliyefukuzwa.

Ndipo nilipoona hesabu yangu ilikosewa wapi. Kwa kitufe kimoja nilikuzuia, na kwa kitufe kilekile nikakutimua, na mara zote mbili sikukuuliza. Metro aliacha kazi zake nusu ili mimi nizimalize. Ya kwako, ya kuamua uende au ubaki, hakuna aliyeniachia, niliichukua mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii utazikuta rimoti zote mbili. Muuguzi amenitilia betri mpya. Bonyeza uendelee kushika mpaka taa zimulike, kisha kanywe chai. Gari litanguruma robo saa, na usipotokea litajizima. Ingiza ufunguo kwanza, breki baadaye, hilo unalijua. Ukitaka kushuhudia kwa macho yako, mwambie Lloyd akufungulie kifuniko cha chini ya usukani. Utaukuta ufunguo wako umelala mle, umevishwa waya, na viungo vyangu havijalegea hata kimoja. Gari litachakaa kabla ya viungo hivyo.

Kuhusu nyumba, kwa mara ya kwanza maishani sina ushauri. Ukienda Victoria, nenda kwa kuwa unataka kuwasikia wajukuu wakigombana chumba cha pili. Ukibaki, baki kwa kuwa vitunguu saumu umekwisha vipanda chini ya theluji hii na unataka kuviona vikichipua. Lakini usiende kwa kuwa marehemu amekutuma, hakukutuma, wala usibaki kwa ajili ya huyu anayekufa. Mimi uniondoe kabisa kwenye hesabu. Ukiwa na hasira, na unayo haki, iletee huku. Ninacho kiti cha wageni.

Na usimkasirikie Metro. Hakukudanganya. Mtu akifika pale alipofika yeye, husema “nimemaliza” juu ya vitu anavyotaka viwe vimekwisha. Alijua anamwachia nani. Alikuahidi kiti cha moto, na uliketi juu yake miaka yote hiyo. Katika kazi zote alizowahi kuanza, sidhani kama ipo iliyokamilika kuliko hiyo.

Nisalimie Ksenia, umwambie baba yake mkubwa alipata simu yake na alifurahi. Wajukuu wabusu kwa niaba yangu, hata yule aliyekwisha ota ndevu. Darcy umwombe radhi, na borshi ya kumwombea radhi iwe na nyama. Bi Stefania mwambie alisema kweli tangu siku ya kwanza, ila mwambie polepole, asije akafa kwa kujisifu. Lloyd naye ajue kwamba alama zake nimezirekebisha.

Lipo ombi moja limebaki. Ukija tena, usikae garini na baridi ile wakati wa kuondoka. Baki huku kwangu, vaa koti, simama hapa dirishani karibu na kitanda changu, ubonyeze wewe mwenyewe. Nataka nikuone ukifanya hivyo, mara moja tu, mimi nikiwa nimelala na mikono yangu ikiwa mitupu juu ya blanketi.

Mungu akulinde na akulainishie njia, yoyote utakayoichagua.

Shemeji yako,
Nestor Hrynchuk
Yule uliyemwita Mwalimu